Kipenyo Kabla ya Ugumu: Kusubu Vichwa Vizito vya Magnum .44

Neno risasi lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa jina la madini, ile metali nzito ya kijivu ya chubwi za mishipi na mabamba ya betri za magari, kisha likatumika pia kwa kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Mtu anayejisubia mwenyewe huona upesi kwamba wazee hawakupungukiwa na msamiati, kwa maana kitu kinachoyeyuka chunguni na kitu kinachoruka hewani ni kilekile, kimebadilika umbo tu. Hata hivyo, ili nisimchanganye msomaji, humu risasi kwa kawaida itakuwa ile metali. Kipande kinachoruka nitakiita kichwa, kikopo cha shaba ya manjano kinachobeba baruti nitakiita ganda, na kile kidonge cha nyuma kinachopigwa na nyundo nitakiita fataki, kama walivyokiita wenye magobori. Vyote hivyo vikishaunganishwa, ndipo risasi itakuwa pia kile kitu kizima kinachojazwa na kufyatuliwa.

Babu yangu upande wa mama alikuwa mmoja wa hao wenye magobori, huko Sikonge mkoani Tabora, na ninamkumbuka akiyeyusha risasi ya betri chakavu katika kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa huku sisi watoto tukifukuzwa kila tulipokaribia, jambo ambalo sasa ninamshukuru. Sikurithi gobori lake wala shabaha yake. Nilichorithi ni kutambua ile harufu. Mimi ninaishi Boise, jimbo la Idaho, mwaka wa tisa sasa, na riziki yangu inatoka katika karakana ya matairi. Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mtu anayemiliki silaha kihalali kujijazia risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni, ilimradi asifanye biashara ya kuziuza. Tanzania na Kenya jambo hilohilo likifanywa bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji wa Tabora au wa Kitui aisome habari hii kama habari ya ufundi wa ugenini, asiichukue kama mwaliko.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nimenunua rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi nene iitwayo Magnum .44, iliyokwisha kutumika, ile ya aina ambayo nyundo yake huvutwa kwa kidole gumba kabla ya kila mlio, kwa nia ya kuibeba ninapokwenda kuvua samaki na kuwinda paa wakubwa wa huku waitwao elki, katika misitu ambamo dubu ni wenyeji na mimi ni mgeni. Nilikwisha kusoma kwamba kwa kazi hiyo hutakiwa kichwa kizito cha kusubu chenye pua bapa, kigumu kiasi cha kutobomoka kwenye mfupa. Nikaenda dukani nikanunua kisanduku cha vichwa vya grani 300, yaani karibu gramu 19 na nusu kila kimoja, ambavyo lebo yake ilisifu ugumu kuliko sifa nyingine yoyote, nikavijaza kwa kufuata kitabu, nikaenda kwenye uwanja wa shabaha. Milio sita ya kwanza ilikaa vizuri. Kufikia mlio wa thelathini, matundu yalikuwa yametawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagika, na nilipochungulia ndani ya mtutu nikaona magamba ya kijivu yamejaza mitaro yote iliyochongwa humo ili kukizungusha kichwa, kuanzia pale mtutu unapopokea kichwa kutoka kwenye silinda. Nilitumia jioni mbili kuyasugua kwa nyuzi za shaba.

Kwa kufikiri kwangu, metali iliyobaki mtutuni ilikuwa imekwanguliwa kwa sababu ilikuwa laini, kwa hiyo dawa ilikuwa kutafuta iliyo ngumu zaidi. Nikapata vichwa vigumu zaidi. Mtutu ukajaa vilevile, pengine zaidi. Ndipo nikamwendea jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya msumeno katika kiwanda cha mbao, ambaye banda lake lilikuwa na chungu cha umeme cha kuyeyushia, kalibu za chuma zisizopungua kumi, na daftari lenye kurasa zilizoloa nta. Sikuwahi kumwita kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Humwita Mzee, neno ambalo alijifunza maana yake na kulipenda, na sasa hulitumia yeye mwenyewe anapopiga simu. Alikisikiliza kilio changu mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: matundu ya mbele ya silinda yako yana kipenyo gani? Sikujua hata kwamba ni kitu kinachopimwa.

Kabla ya vipimo hivyo, inafaa kusema kwa nini mtu wa Idaho alijua kuuliza swali hilo, kwa sababu ufundi huu una ukoo, na sehemu kubwa ya ukoo huo ni wa jimbo hili. Elmer Keith alizaliwa Missouri mwaka 1899, akaungua vibaya motoni akiwa mtoto hata mkono wake wa kushoto ukalemaa, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi hapa Idaho, akijulikana zaidi kwa mji mdogo wa Salmon ulio karibu kilomita 400 kutoka Boise kwa barabara ya milimani; alifariki mwaka 1984. Alichunga ng'ombe, akaongoza wawindaji, akaandika makala za silaha kwa miongo mingi, na ubishi wake ulikuwa mkubwa kuliko kofia yake, ambayo nayo haikuwa ndogo. Mwaka 1925, siku ya sherehe za uhuru wa Marekani, alikuwa akifyatua rivolva ya Colt ya .45 aliyoijaza vichwa vizito vya bunduki ndefu vilivyobanwa vipungue kipenyo, na silinda ikapasuka mkononi mwake. Alitoka mzima. Baada ya hapo akahamia kwenye .44 Special, risasi iliyoanza mwaka 1907, kwa sababu kichwa chake ni chembamba kidogo na hivyo kuta za vyumba vya silinda hubaki nene zaidi kwenye rivolva yenye ukubwa uleule.

Mwaka 1928 kampuni ya Lyman ilitoa kalibu namba 429421 kwa mchoro wa Keith, na mpaka leo kalibu hiyo hutajwa mabandani kwa namba kama watu wanavyotaja aya. Kichwa chake kina uzito wa karibu grani 250, sawa na gramu 16 na kidogo. Pua yake ni bapa. Nyuma ya pua kuna bega kali linalokata karatasi tundu la mviringo safi. Kisha kuna mikanda mitatu ya kipenyo kamili, mtaro mmoja mpana wa kuwekea mafuta, na mtaro wa pili ambamo mdomo wa ganda hukunjwa. Keith alitaka mikanda hiyo iwe mipana na yenye upana sawa, na sikuielewa sababu yake mpaka nilipopima silinda yangu: mikanda ndiyo inayokaa katikati ya tundu na kuuongoza mwili wa kichwa uingie mtutuni ukiwa umenyooka.

Kwa karibu miaka thelathini Keith aliwasumbua wenye viwanda watengeneze risasi yenye nguvu kama ile aliyokuwa akijijazia mwenyewe. Magnum .357 ilitangulia mwaka 1935 kutoka Smith & Wesson, na risasi zake za mwanzo za kiwandani, zilizokuwa na vichwa vya risasi laini, zilipata sifa mbaya ya kujaza mitutu, yaani maradhi yaleyale niliyouguza mimi. Magnum .44 ikafuata mwishoni mwa mwaka 1955, ganda likiwa la Remington na rivolva ikiwa ya Smith & Wesson. Ganda lilirefushwa kwa karibu milimita tatu kuliko la .44 Special, si kwa kuhitaji nafasi ya baruti tu, bali ili lisiweze kuingia katika rivolva za zamani ambazo zingepasuka: kikomo cha shinikizo la .44 Special ni pauni 15,500 kwa inchi ya mraba, na cha Magnum .44 ni 36,000.

Sasa vipimo. Mzee alichukua kipande cha risasi laini kabisa, chubwi ya duara ya wavuvi, akakipaka mafuta, akakisukuma polepole kwa kijiti cha mbao na nyundo ndogo kutoka mdomo wa mtutu hadi upande wa pili, kisha akakipima kwa maikromita mahali kilipojaza mitaro. Tulipata 0.429 ya inchi. Akafanya hivyohivyo katika kila chumba cha silinda, kwenye lile tundu la mbele ambamo kichwa hupita kikitoka. Vyote sita vilikuwa karibu 0.4315. (Mitutu yenye mitaro mitano, kama ya Smith & Wesson, humtesa mpimaji, kwa kuwa mtaro mmoja hutazamana na ukuta badala ya mtaro mwenzake; wangu una sita.) Kisha tukapima vile vichwa vigumu vya dukani: 0.429 kamili. Duka halikunidanganya kuhusu ugumu. Vichwa vilikuwa vigumu, na vilikuwa na kipenyo cha mtutu kama lebo ilivyosema, lakini vilikuwa vinapwaya kwenye silinda kwa elfu mbili na nusu za inchi, upenyo ambao jicho halioni ila gesi huuona.

Baruti inapowaka, gesi yenye joto kali husukuma kitako cha kichwa kabla hakijaufikia mtutu. Ikikuta upenyo pembeni, hupita mbele kwa kasi, ikikata na kuyeyusha kingo za mikanda kama tochi ya mchomeleaji, na vile vitone vya metali hugandishwa kwenye chuma baridi cha mwanzo wa mtutu, ambapo kichwa kinachofuata huvibandika zaidi. Kichwa laini kikipata shinikizo hutanuka kidogo kitakoni na kuziba upenyo wenyewe. Kichwa kigumu sana hakitanuki, kwa hiyo hukaa na upenyo wake mpaka mwisho. Ndiyo maana nilipoongeza ugumu niliongeza maradhi. Laiti ningejua kupima, ningeokoa jioni zote zile za kusugua. Kanuni ya Mzee, ambayo daftari lake linaitetea kwa miaka arobaini, ni kwamba kichwa kiwe na kipenyo cha tundu la silinda, kipite kwa kusukumwa kidogo na kidole lakini kisidondoke chenyewe, na ugumu uzungumzwe baada ya hapo.

Ugumu wenyewe hupimwa kwa namba za Brinell. Risasi tupu huwa karibu 5. Mchanganyiko ambao Lyman waliuita namba 2, wenye risasi asilimia 90, bati 5 na antimoni 5 (antimoni ni metali ya kutia ugumu), huwa karibu 15. Metali ya mashine za kupanga herufi za magazeti, zile za linotaipu alizobuni Ottmar Mergenthaler na zilizoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ina antimoni karibu asilimia 12 na bati 4, na ugumu wake hufika 22 hivi. Magazeti yalipoacha mashine hizo, wasubiaji wa Marekani walikusanya metali hiyo kwa tani. Sasa imekuwa adimu, na anayemiliki tofali lake hulificha kama mtu anavyoficha asali ya nyuki wadogo. Mimi nimebahatika kwa njia nyingine. Kazini kwetu, kila gurudumu linaloletwa kusawazishwa huvuliwa vyuma vidogo vya uzani, na vile vya kubana ukingoni vya zamani ni risasi yenye antimoni asilimia mbili au tatu na bati kidogo sana, ugumu wake ukiwa karibu 12. Bosi huniachia ndoo nzima kwa bei ya kumsaidia kufagia. Vile vya kubandika kwa gundi ni laini zaidi, karibu risasi tupu, kwa hiyo huviweka mbali.

Ndoo hiyo ina adui ndani yake. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku uzani wa risasi kwenye magurudumu, na viwanda vimehamia kwenye chuma na zinki, ambazo huja zimechanganyika na za zamani. Chuma huelea juu na kuondolewa kwa kijiko bila tatizo. Zinki ni balaa: huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, wakati risasi huyeyuka kwenye 327, na ikishaingia chunguni metali yote huwa nzito kama uji, haijazi kona za kalibu, na vichwa hutoka vimekunjamana. Hivyo huchambua kipande kimoja kimoja nikitafuta herufi Zn, huvijaribu kwa kukata kwa koleo vile nisivyovijua, na huliweka joto la chungu cha kwanza chini ya kiwango cha zinki ili iliyonipita ielee nikaione. Kazi hii ya kuchambua humaliza Jumamosi nzima, na ni kazi ninayoipenda, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu inafanana na kuchagua mchele.

Risasi ya magurudumu huyeyushwa kwanza nje, uwanjani, isafishwe kwa kutupiwa kipande cha nta na unga wa mbao na kukorogwa, ili kaboni irudishe bati na antimoni zilizoanza kuungua na uchafu upande juu kama povu jeusi. Huko ndiko nilikokutana tena na harufu ya Sikonge. Humiminwa katika vibati vidogo, ikapoa, na siku nyingine ndipo huingia katika chungu cha kusubia pamoja na bati kama asilimia mbili. Bati haliongezi ugumu wa kutajika; kazi yake ni kuifanya metali iwe nyepesi kutiririka ili ijaze kila kona ya kalibu. Maji ndiyo hofu kuu. Tone la jasho likidondoka juu ya metali hucheza na kukauka, lakini unyevu ulioingizwa chini yake, kwa mfano kibati kilicholala nje kikapata umande, hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali ya moto mpaka darini. Mzee ana kovu la namna hiyo shingoni na hulionyesha kwa kila mgeni kabla ya kumpa glavu.

Kalibu yangu mwenyewe ni ya aluminiamu, ya matundu mawili, imeandikwa grani 300. Kwa metali yangu hutoa kichwa cha grani 306, karibu gramu 20, kwa sababu risasi ni nzito kuliko bati na antimoni, na mtengenezaji alihesabu kwa mchanganyiko mgumu zaidi. Kipenyo nacho hubadilika kwa sababu hiyohiyo: antimoni ikizidi, kichwa hutoka kinene zaidi kidogo, ikipungua, huwa chembamba. Nilipojaribu metali ya vibandiko peke yake kilitoka 0.4305, chembamba kwa silinda yangu. Kwa metali ya kubana na bati kinatoka 0.4325, nami hukipitisha katika bomba la kubania la 0.4315. Basi hata mchanganyiko wa madini ninauchagua kwa ajili ya kipenyo zaidi kuliko kwa ajili ya ugumu, jambo ambalo mwaka wangu wa kwanza ningelicheka.

Kalibu baridi hutoa vichwa vyenye mikunjo, na kalibu iliyozidi joto huvitoa vimefifia kama vilivyopigwa na ukungu, ambavyo hata hivyo si vibaya kwa kupigia shabaha. Kati ya hali hizo mbili kuna mwendo wa mkono ambao hauandikiki: kumimina, kuhesabu mpaka ile metali ya juu igande na kupoteza mng'ao, kugonga bamba la kukatia, kufungua, kuangusha juu ya taulo, kufunga, kumimina tena. Nikisimama kunywa maji, dakika kumi zinazofuata huwa za takataka. Antimoni hukifanya kichwa kiendelee kuwa kigumu kwa siku kadhaa baada ya kusubiwa, kwa hiyo huviacha wiki mbili kabla ya kuvipima na kuvibana. Wapo wanaovitumbukiza kwenye ndoo ya maji vikiwa vya moto ili vipate ugumu wa haraka, na ni kweli hupata. Kwangu mimi ndoo ya maji karibu na chungu ni wazo ninalolikataa.

Mafuta ya mtaroni ni nta ya nyuki na Alox, grisi ya viwandani, kwa nusu kwa nusu, mchanganyiko wa zamani uliotangazwa na chama cha bunduki cha Marekani. Mjomba aliwahi kuniletea nta kutoka Tabora, kilo moja na nusu, akidhani ninatengeneza mishumaa. Siku hizi vijana huvipaka vichwa rangi ya unga na kuvioka kwenye tanuri dogo, vikatoka vyekundu na bluu kama peremende, na wananiambia mitutu yao haina moshi wala magamba. Sina ubishi nao. Ila nta ile inanukia, na sijaona sababu ya kuiacha.

Kujaza kwenyewe kuna hatari mbili ambazo kichwa kizito huzikuza. Ya kwanza ni teke. Rivolva inaporuka nyuma, vichwa vitano vilivyobaki vyumbani hutaka kubaki palepale vilipokuwa, na kwa kuwa ni vizito, huchomoka polepole kutoka kwenye maganda yao mpaka kimoja kitokeze mbele ya silinda na kuizuia isizunguke, jambo lisilofaa hata kidogo mbele ya dubu. Ndiyo sababu ya ule mtaro wa kukunjia: mdomo wa ganda hukunjwa kwa nguvu ndani yake, na maganda yote lazima yawe yamekatwa kwa urefu mmoja, vinginevyo mengine yatakunjwa sana na mengine yatabusiwa tu. Kila ninapopata metali mpya hujaza risasi sita, hufyatua tano, kisha huipima ile ya sita kama imerefuka.

Ya pili ni baruti. Kipimo chochote cha baruti sitakiandika hapa, kwa kuwa kipimo hutegemea kichwa hasa kilichotumika, kina chake ndani ya ganda, fataki, na bunduki yenyewe, na mahali pake ni kitabu cha mtengenezaji wa baruti, tena kitabu cha karibuni, kikianziwa chini. Nitasema tabia tu. Kichwa kizito huingia ndani zaidi na kula nafasi ya baruti, kwa hiyo kipimo cha grani 250 kikihamishiwa kwenye grani 300 shinikizo hupanda kwa namna isiyotabirika. Baruti za kuwaka polepole, kama 2400 aliyoitumia Keith, hujaza sehemu kubwa ya ganda, na hiyo ni nusu ya uzuri wake, kwa sababu kosa la kumimina mara mbili humwagika na kuonekana. Baruti za haraka huchukua nafasi ndogo kiasi kwamba vipimo viwili huingia kimyakimya. Na zipo, kama H110, ambazo watengenezaji huonya zisipunguzwe chini ya kiwango chao, kwa kuwa zikipunguzwa huweza kuwaka nusunusu na kukiacha kichwa katikati ya mtutu, na mlio unaofuata ukakikuta humo. Maganda yangu hamsini husimama kwenye ubao wenye matundu, nami hupita juu yake na tochi, ganda kwa ganda, kabla kichwa chochote hakijawekwa. Redio huzimwa. Mke wangu amezoea kwamba saa hiyo siitiki.

Na uzito wote huu unamfaa nini mtu? Kichwa cha grani 250 kwenye mita 366 kwa sekunde na cha grani 300 kwenye mita 335 hubeba nishati karibu sawa, jouli 1,090 hivi, kwa hiyo anayehesabu nishati pekee haoni tofauti. Tofauti iko kwenye msukumo, ambao kwa kile kizito ni mkubwa kwa karibu sehemu moja ya kumi, na kwenye urefu wa kichwa, unaokifanya kiendelee mbele kikiwa kimenyooka ndani ya nyama na mfupa badala ya kupunguza mwendo upesi. Kichwa cha namna hii hakitegemei kupasuka au kuchanua. Hutegemea pua bapa pana inayotoboa njia na uzito wa kuifikisha mbali. Gharama yake ni mkono. Milio thelathini hunitosha, na kwa mazoezi ya kawaida ninarudi kwenye kalibu ya grani 250 bila aibu yoyote.

Risasi ni sumu, nami nina watoto. Kwenye joto la kusubia, mvuke wake ni mdogo. Kinachoingia mwilini zaidi ni vumbi la lile povu jeusi na kile kinachobaki vidoleni mtu akishika andazi. Nguo za kusubia haziingii ndani ya nyumba, viatu hubaki bandani, na kila mwaka daktari hunipima damu. Nyikani pia kuna madhara: ndege wakubwa wa California waitwao kondo walikaribia kutoweka, na mabaki ya risasi katika mizoga waliyoila yalikuwa sababu kubwa ya vifo vyao, ndipo jimbo hilo likapiga marufuku risasi zote za metali hii katika uwindaji kuanzia Julai 1, 2019. Idaho haijafanya hivyo. Vichwa vya kusubu visivyopasuka huacha vipande vichache kuliko vile laini vya bunduki zenye kasi kubwa, lakini utumbo na nyama iliyozunguka jeraha mimi huzifukia, na nyama hiyo haifiki jikoni kwangu.

Boise ina Waswahili wengi kuliko mtu anavyodhani, wengi wao wakiwa familia zilizokimbia vita vya mashariki ya Kongo. Rafiki yangu mmoja kutoka Uvira alikuja siku moja nikiwa nabana vichwa, akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia, "Ndugu yangu, sisi tulivuka ziwa kukimbia hivi vitu, na wewe unavipika." Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujaribu kulitunga. Nilifunika ile presi ya kubania kwa kitambaa, tukaenda kukaa barazani. Tangu siku hiyo, akipiga simu kwamba anakuja, mimi hulifunga banda mapema.

Majira haya ya baridi nimerudi kwenye mtutu wangu na chubwi mpya, kwa kuwa Mzee ameniambia nipime pale mtutu unapojifunga kwenye fremu, mahali ambapo baadhi ya rivolva hubanwa kidogo na skurubu zake. Chubwi ilipita vizuri mpaka hapo, kisha mkono ukahisi ugumu wa ghafla, upana wa ukucha tu, halafu ikalegea tena. Ni pungufu ya elfu moja ya inchi. Mzee anasema vichwa vyangu huingia humo vikiwa na 0.4315 na kutoka vikiwa vimebanwa kidogo, na kwamba kuna unga laini wa kusagia unaoweza kuliondoa tatizo hilo kwa milio hamsini ya uvumilivu. Tumeagiza unga huo. Ndoo ya uzani wa magurudumu iko nje chini ya turubai, nusu yake imeshachambuliwa.